Mwanangu ana miaka saba na meno yamepandana, nimpeleke saa hii ama ningoje?

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Binti yangu ana miaka 7, yuko gredi ya pili. Meno ya mbele ya juu yametoka makubwa na katikati kuna mwanya, ya chini nayo yamebanana, moja limejigeuza upande. Mwalimu wake alinambia nimpeleke mapema kwa daktari wa kupanga meno. Dadangu asema hio ni njia ya kuliwa pesa tu, bresi ni za watoto wa sekondari na huyu bado ana meno ya utoto yatang'oka yenyewe. Mamangu naye asema mwanya ni urembo, tumwache mtoto. Nimsikize nani?
Mama wa Watatu, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Mpeleke. Lakini jua unampeleka aangaliwe, si avishwe bresi, hapo ndipo watu wengi huchanganya alafu wanaogopa bei kabla hata hawajafika mlangoni.

Chama cha madaktari wa kupanga meno cha Marekani chasema mtoto aangaliwe mara ya kwanza asipitishe miaka 7, na umri huo una sababu yake. Kwenye miaka 6 hivi magego ya kwanza ya ukubwani huota kule nyuma kabisa, nyuma ya magego ya utoto, na hakuna jino linalong'oka kuyapisha, kwa hivo mzazi hata hajui yameingia, akiyaona adhani ni ya utoto, yakianza kutoboka asema wacha yatang'oka. Hayang'oki hayo, ni ya maisha. Sasa magego hayo yakishaingia na ya mbele yameanza kubadilika, daktari aweza kuona taya la juu na la chini vile yanakutana, na kama kuna jino limekosa njia.

Mwanya wa binti yako, mamako yuko sawa kabisa. Watoto wengi wa miaka 7 mpaka 10 wana mwanya pale juu, na meno yenyewe yaonekana makubwa kuliko uso, mama anashtuka. Chonge za juu zikishuka kwenye miaka 11 au 12 huyasukuma yale ya mbele yakasogeleana na mara nyingi mwanya wafunga wenyewe. Ukibaki pia si ugonjwa, hapa kwetu Mombasa mwanya ni mtu apendeza nao. Asikubali mtu kuuvuta kwa raba mnazonunua dukani, tafadhali, raba hupanda chini ya ufizi na jino zima likapotea.

Hayo ya chini kubanana kidogo umri huu pia ni kawaida, na hapa nataka unisikize vizuri. Magego ya utoto ni mapana kuliko meno yatakayokuja mahali pake, yakitoka kwa wakati wake yaacha nafasi kidogo na hio nafasi ndio itakayotumika kuwapanga wenzake. Lakini gego likioza likang'olewa mtoto akiwa na miaka 7, lile litakalokuja laweza kungoja mpaka miaka 10, 11 hata 12, na kwa muda wote huo gego la nyuma linasogea mbele polepole linakalia ile nafasi. Likija jino lenyewe halina pa kutokea, latokea ubavuni ama lakwama ndani. Naona haya kila wiki, mzazi anakuja aniambia ng'oa tu daktari si litaota jingine, na mimi roho yaniuma kwa sababu mara nyingi lingezibwa likakaa. Kama ni lazima ling'olewe, uliza kuhusu kijiwaya cha kushikilia nafasi, ni kitu kidogo chavishwa gego la jirani kikazuia lisisogee. Na mabuyu, achari za sukari, peremende za njia nzima kutoka shule mpaka madrasa, hizo zipunguzwe, awe akila azile pamoja na chakula alafu anywe maji.

Sasa kuna mambo machache ambayo hayafai kungojwa, na ndio maana mwalimu amesema kweli. Mwambie binti yako aume magego yake ya nyuma vizuri, uangalie. Meno ya juu yafaa yawe nje yayafunike ya chini kama kifuniko cha sufuria. Ukiona upande mmoja ya juu yameingia ndani ya ya chini, ama akifunga mdomo kidevu kinahama upande, huyo asingoje sekondari, kwa sababu taya linakua likiwa limepinda. Kaakaa la mtoto lina kiungio katikati ambacho bado hakijashikana, daktari aweka chombo chenye skrubu ndogo, mzazi anaizungusha kwa ufunguo nyumbani kidogo kidogo na taya linapanuka. Mtu akishakuwa mkubwa kiungio kimeshikana, kazi hio hio yaweza kuhitaji upasuaji. Vilevile jino la mbele la juu lililonaswa nyuma ya la chini, kidevu kilichotangulia mbele, meno ya juu yaliyotokeza sana mbele maana mtoto akianguka uwanjani ndio yanayovunjika kwanza, na mtoto anayelala mdomo wazi akikoroma kila usiku, huyu apite pia kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Kuhusu pesa dadako hajakosea kuwa macho. Watoto wengi wa miaka 7 wakiangaliwa waambiwa warudi baada ya miezi kadhaa, basi. Anza kwa daktari wa meno wa kawaida, hata pale hospitali kuu ya Makadara, akiona neno atakuelekeza mbele. Mtu akitaka kumvisha bresi kamili siku hio hio kwa ajili ya meno kubanana, bila eksirei na bila maelezo, muulize swali moja: tukingoja mpaka afike miaka 12, ni nini kitaharibika? Daktari mzuri atakujibu bila kukasirika. Jibu likikosekana, tafuta daktari wa pili. Na hawa wanaobandika bresi za mapambo kwenye saluni usiwakaribie, anayegusa meno ya watu Kenya lazima awe na leseni ya baraza la madaktari, KMPDC, na una haki ya kuuliza.

SWALI: Mjukuu wangu wa miaka 6 ameota jino jipya nyuma ya la utoto, chini mbele, sasa ana safu mbili. Zamani tulifunga uzi tukavuta. Nifanyeje?
Bibi wa Kuze

JIBU: Shikamoo bibi. Uzi weka kando. Hii yatokea sana na meno ya chini ya mbele. Kama la utoto lacheza, mwache alisukume kwa ulimi na vidole safi, ale karoti na embe bichi, likitoka ulimi wenyewe utalisogeza lile jipya mbele. Likiwa gumu halitikisiki kabisa, au imepita miezi miwili mitatu na lipo, mpeleke litolewe. Jino alirushe juu ya paa kama mlivyotufunza.

SWALI: Kijana wangu ana miaka minne na nusu bado anyonya kidole gumba. Tumempaka pilipili, wapi.
Baba, Likoni

JIBU: Pole kakangu, lakini pilipili iacheni, ataingiza hicho kidole jichoni. Wengi huacha wenyewe kati ya miaka 2 na 4. Wako amepita kidogo, bado kuna nafasi nzuri: akiacha kabla meno ya mbele ya ukubwani hayajatoka, ule uwazi ambao kidole huacha kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini mara nyingi hujifunga. Angalieni ni wakati gani anyonya, kama ni usingizi ukimjia mvisheni soksi mkononi, kama ni akigombezwa basi mgombezeni kidogo. Kila usiku asionyonya, asubuhi atie alama kwenye kalenda mwenyewe na asifiwe mbele ya watu. Zikipita kama miezi mitatu hakuna badiliko, njoo naye, wakati mwingine mtoto akiambiwa na daktari husikia kuliko akiambiwa na babake.