Fundi wa vigari: petroli, vumbi la Newala na injini kubwa

Shikamoo fundi. Mjomba kaniletea monster truck ya nitro, kigari cha kuchezea cha rimoti chenye injini ya kweli, mafuta yake yamekwisha na hapa Mikindani sijayapata. Nikitia petroli na oili ya 2T, itawaka?

Marahaba, mdogo wangu. Haitawaka. Plagi ya injini hii haitoi cheche. Ina waya mwembamba wenye platinamu. Unaupasha kwa betri wakati wa kuwasha tu, kisha methanoli ndiyo inayoufanya uendelee kuwa mwekundu. Petroli haina uwezo huo. Mafuta yake ni methanoli, nitromethani (wengi hutumia asilimia 20) na oili, mara nyingi yenye mafuta ya nyonyo. Agiza hayohayo, usubiri. Yakifika, kopo lifungwe kila mara, maana methanoli hunyonya unyevu, na pwani hii unyevu tunao wa kugawa.

Niko Newala. Injini ilikuwa kali, sasa kuwaka ni kwa tabu, na ikipata moto inazima. Nimefungua sindano za kabureta (skrubu za kupimia mafuta), nimefunga, wapi!

Achana na sindano. Injini ikiwa baridi na plagi ikiwa mahali pake, izungushe kwa mkono. Pistoni hii haina ringi. Silinda imebanwa kidogo juu, kwa hiyo ikifika pale lazima uhisi inakwama. Ikipita kama kijiko kwenye uji, kompresheni imekwenda, na nadhani mwizi ni lile vumbi jekundu lenu. Badilisha pistoni na silinda kwa pamoja, usichanganye mpya na kuukuu.

Sasa sponji ya chujio la hewa. Ioshe kwa sabuni, ikauke kabisa, kisha uilowanishe oili ya chujio na kuikamua. Sponji kavu hupitisha vumbi laini. Shingo ya chujio ifunge kwa zipu tai, maana pengo dogo pale linatosha kuharibu kila kitu. Injini yangu ya kwanza niliiua hivyo, kwa uvivu wa kuosha sponji.

Seti mpya usiikimbize. Tangi nne au tano za mwanzo, fungua sindano mafuta yaingie kwa wingi, moshi uonekane. Ikishazoea, dondoshea tone la maji kwenye kichwa cha injini: likikauka papo hapo, injini inaungua, ongeza mafuta kwa sindano, likichukua sekunde tatu hadi tano, uko sawa. Ukimaliza kucheza, choma mafuta yote na uiache pistoni chini.

Kigari changu ni HPI Savage cha 3.5 cc. Nataka kufunga injini ya 4.6 niwatimulie vumbi wenzangu hapa Lindi.

Anza na klachi, gia na breki, la sivyo nguvu mpya itanyoa meno ya gia siku ya kwanza. Ukizipanga gia, pitisha ukanda wa karatasi katikati. Hiyo ndiyo nafasi yake. Kwenye mchanga usiongeze meno ya kengele ya klachi (kikombe cha klachi chenye gia ndogo): spidi ya mwisho itapanda, lakini kuondoka kutakuwa kuzito na injini itachemka. Ufukweni, mimi singekipeleka kabisa. Chumvi hula beringi.

Mwanangu anaweka kopo la mafuta hayo chini ya kitanda. Ni harufu tu, au kuna hatari? Mama, Ligula.

Mama, lisilale tena humo. Methanoli ni sumu: kiasi kidogo kikinywewa kinaweza kupofusha au kuua, na mwali wake mchana hauonekani. Lisihamishiwe kwenye chupa ya soda hata siku moja. Liwekwe stoo yenye hewa na kufuli, mbali na jiko. Kigari anaweza kulala nacho, tangi likiwa tupu.