Kwa mnaoanza kupima jeni za mwani kwenye jua kali

Wadogo zangu, juzi tena mwani wa Paje, Zanzibar, umefika maabara ndani ya mfuko wa plastiki, umelegea, na mwenyewe anataka kupima jeni za kukabili mwanga. Hapo utapima jeni za safari ya daladala.

1. Gandisha palepale ufukweni na andika saa. mRNA, nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini, hubadilika ndani ya dakika.

2. Hili la psbA, jeni ya protini ya D1 inayofanya kazi kwenye usanisinuru, linaniuma mpaka leo. Mnajua protini ya D1 huharibiwa na mwanga mkali, na mwani hulazimika kuitengeneza upya bila kupumzika. Nilitarajia psbA ipande adhuhuri. Ikashuka! Badala ya kushtuka, nikatunga maelezo matamu: spinosum, mwani wetu mwekundu wa kulimwa, imezidiwa, imefunga kiwanda. Nikachora grafu za rangi, nikasimama mbele ya watu kwa kujiamini kabisa. Msimamizi wangu akauliza jambo moja tu, kuhusu kianzio (praima) cha cDNA, yaani nakala ya DNA itokanayo na RNA: "cDNA ulitengeneza kwa praima gani?" Oligo-dT, ile inayoshika mkia wa herufi A mwishoni mwa mRNA, nikajibu, na kabla sijamaliza neno nikaanza kutokwa jasho. psbA inakaa kwenye kloroplasti, na huko mkia wa A si pambo la mRNA nzima kama ilivyo kwa jeni za kiini. Ni alama ya kwenda kuvunjwavunjwa. Kumbe nilikuwa nimepima takataka zinazosubiri kutupwa. Tumieni heksama nasibu, praima fupi zinazoshika popote kwenye RNA, tafadhali. Na mwaka huu wawili wenu wameshaagiza oligo-dT, nimeona oda.

3. RNA ikivuta kama mlenda, hiyo ni karajini, ute wa mwani wenyewe. Rudia na CTAB, kemikali ya kuutenganisha ute huo.

4. Fv/Fm, kipimo cha afya ya usanisinuru, bila kuuweka mwani gizani kwanza, sisomi.

5. Maji yakitoka wakati wa bamvu, jua, joto na ukavu huja pamoja. HSP70, jeni ya kujikinga na joto na misukosuko mingine, ikipanda, usiniletee habari za mwanga peke yake; weka matangi yenye joto sawa, mengine chini ya kivuli. Na kabla ya kuchagua shamba waulizeni kina mama wanaolima. Watakwambia kotonii, mwani mwingine wa kulimwa, hufa wapi na spinosum huvumilia wapi, tena bila mashine.

6. PSBS, jeni ya kumwaga nishati ya mwanga iliyozidi, msiitafute. Ni ya mimea ya kijani. Mwani mwekundu una fikobilisomu, antena zake za kunasa mwanga, na njia zake za kumwaga nishati iliyozidi. Jenomu ya Chondrus crispus, mwani mwekundu pia, ipo tangu 2013, anzieni hapo. Kuna mmoja, simtaji, aliipandisha PSBS ya Arabidopsis, mmea wa kijani wa maabara, kwenye BLAST, programu ya mtandaoni ya kutafuta jeni zinazofanana, kila asubuhi, akakosa, akaenda kumlaumu fundi wa intaneti. Fundi wa watu akabadilisha waya.