Si kudekezwa, ni mazoezi na nafasi uwanjani

Ndugu, umesema vijana wa futiboli ya Kimarekani vyuoni, ile ya kukimbia na mpira mikononi, hawajui tena kumwangusha mwenye mpira kwa sababu wamedekezwa. Sikubaliani. Kwanza, siku hizi hawaangushani sana mazoezini. Makocha wanaogopa majeruhi, na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo huko, imebana: mwaka 2017 ilipiga marufuku mazoezi mawili ya kugongana kwa siku moja.

Halafu tazama uwanja wenyewe. Timu inayoshambulia inatawanya wachezaji wake hadi pembezoni, mpira unatoka haraka, na mlinzi anajikuta peke yake mbele ya mtu mwenye kasi, nafasi tupu kushoto na kulia. Akikosea hatua moja, anabaki ameshika jezi. Na wengi wanajirusha na bega kutafuta kishindo, mikono haifungi! Ukimkumbatia mtu mapajani huku miguu yako inaendelea kusukuma, hata akiwa mkubwa ataanguka.

Tangu 2013 pia, anayelenga kichwa cha mwenzake anatolewa uwanjani, kwa hiyo mlinzi anasita kidogo. Sheria hiyo naiunga mkono kabisa, ubongo wa kijana hauna spea.

Tena ufundi unafundishika bila kuumizana. Pale chuo cha Dartmouth, kocha Buddy Teevens alifuta kuangushana mazoezini mwaka 2010. Wachezaji wakawa wanajifunzia kwenye masanamu, baadaye hata roboti. Mwaka 2015 walitwaa ubingwa wa ligi yao ya vyuo, Ivy League, wakigawana na vyuo vya Harvard na Penn. Makocha wengine nao watenge muda wa mazoezi kama hayo kila wiki.