Unapiga gitaa, udi na zeze? Usichague, rekodi laivu

Kuna msomaji wa Morogoro kaniandikia wiki iliyopita. "Kaka, napiga gitaa, udi na zeze. Nina hela ya siku mbili tu za studio, na prodyuza anasema nichague chombo kimoja nisije nikachanganya watu. Nifanyeje?" Ningeweza kumjibu kwa mistari miwili, ila hilo la "chagua kimoja" limenigusa pabaya, kwa hiyo mnivumilie.

Nami niliambiwa hivyo hivyo. Kiongozi wa bendi moja ya hotelini, enzi hizo nikipiga solo, alinitolea mbele ya wenzangu kwamba mwenye vyombo vingi hana chombo. Wapuliza tarumbeta wakacheka mpaka wakakohoa. Bendi ile ilishakufa zamani. Mzee mwenyewe nikikutana naye mjini Tanga namwamkia vizuri, shikamoo na habari za nyumbani, huku moyoni namdai. Basi mwezi uliopita nimetoa albamu yangu ya laivu: gitaa, udi na mandolini, vyote ndani. Siku ya kurekodi watu walikosa viti wakakaa kwenye ngazi. Na yeye alikuwepo, kakaa nyuma kabisa. Sitasema zaidi.

Aliyenifungua macho ni Rory Gallagher, Mwailandi aliyezaliwa Ballyshannon mwaka 1948, akakulia Cork na kufariki London mwaka 1995. Wapenzi wa roki wanamjua kwa ile Fender Stratocaster yake ya 1961 iliyobanduka rangi mpaka mbao ikabaki wazi. Wengi wanaishia hapo. Mtu yule alikuwa anashika mandolini, gitaa la resoneta la chuma (lile lenye sahani ya chuma ndani inayokuza sauti), gitaa kavu lisilo la umeme, na slaidi, yaani kibomba cha kuteleza juu ya nyuzi, na kila kimoja anakipiga kama ndicho alichozaliwa nacho. Ukitaka kujua alivyovipanga, usianze na rekodi zake za studio. Sikiliza za jukwaani.

Katika Live! in Europe ya 1972 kuna wimbo anaopiga kwa mandolini, "Going to My Home Town". Mandolini ni kitu kidogo, nyuzi nane zilizopangwa mbili mbili, sauti nyembamba ya juu. Ungetegemea imezwe na ukumbi wa watu wa roki. Yeye anaichapa kama ngoma, miguu na makofi ya watu vinashika mapigo, na ghafla ukumbi wote umekuwa sehemu ya bendi. Jambo hilo studio hulipati hata ulipe nini.

Kisha njoo Irish Tour '74, santuri mbili zilizorekodiwa Januari 1974 katika kumbi za Belfast, Dublin na Cork, kwa studio ya kuhamishika ya mpiga besi wa Kiingereza, Ronnie Lane. Kumbuka Belfast ya miaka ile ni ya mabomu na risasi za machafuko ya Ireland ya Kaskazini, wanamuziki wengi walikuwa wanaikwepa. Yeye alikwenda. Gerry McAvoy kwenye besi, Lou Martin kwenye kinanda, Rod de'Ath kwenye dramu. Nyimbo nne za mwanzo ni umeme mtupu, jasho linakutoka ukiwa umekaa. Wimbo wa tano, "As the Crow Flies", bendi inanyamaza. Anabaki peke yake na resoneta, harmonika mdomoni. Unasikia kucha zikigonga chuma, unasikia pumzi. Ukiisha huo, bendi inarudi na "A Million Miles Away", wimbo mrefu wa taratibu, na masikio yako yameshapumzika, kwa hiyo kila noti ya gitaa la umeme inaingia upya.

Umeona hapo? Hakubadilisha chombo ili tumwone ni fundi. Alibadilisha pale ambapo shoo ilihitaji hewa. Gitaa la umeme ndilo mwenye nyumba, hivyo vingine ni wageni, na mgeni haji kila dakika kumi. Ndugu zangu wapiga vyombo, ugonjwa wetu ni kujionyesha. Tukijua vitatu tunataka vyote visikike ndani ya robo saa ya kwanza, halafu tunashangaa watu wanatoka kwenda kununua soda. Acha. Chagua mwenye nyumba, halafu wageni waje kwa sababu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, zeze lako lisiwe wimbo wa kwanza. Liweke baada ya nyimbo za kelele, wenzako wanyamaze kabisa, wasikusindikize hata kwa tari. Tena lisiwe mikononi mwa mtu nyuma ya pazia. Liwe limeshatyuniwa, liko kwenye stendi yake, mkono wako ulifikie bila wewe kugeuka wala kupiga hadithi. Udi ndio msumbufu zaidi: vigingi ni vya mbao, hewa ya ukumbi ikibadilika vinaweza kulegea. Mimi navipaka chaki mchana, nakaza, naupeleka udi ukumbini saa mbili kabla ya shoo ili uzoee hewa ya mle. Na ukae mbali na spika ya chini ya mwimbaji, la sivyo miluzi itakuwa mingi kuliko muziki.

Fundi mitambo atakuambia kelele za watu zitaharibu rekodi. Mkatalie kwa adabu. Weka maiki mbili zikiangalia watu, kila moja iingie kwenye njia yake, mtapunguza baadaye. Kama rekodi haina watu ndani yake, si laivu hiyo, ni studio yenye mwangwi. Na ukitoka hapo usirudi studio kubandika solo mpya juu ya ile ya jukwaani, hata prodyuza akikulilia.

Hela ya siku mbili inatosha kukodi mikisa inayorekodi kila maiki peke yake, pamoja na kijana anayeijua. Mlipe nusu kabla, nusu baada. Na usiku ule ule, kabla mitambo haijapakiwa, nakili mafaili kwenye diski mbili, moja uondoke nayo mwenyewe.