Jibu: Apache haiombi nywila licha ya kuwepo kwa .htaccess

Habari ndugu. Nimeelewa kwamba kwenye Apache 2.4 (programu ya seva ya wavuti) ukurasa wako unafunguka bila kuomba nywila ingawa umeweka .htaccess, yaani faili la mipangilio ya folda husika, na kwamba mchangiaji mmoja amekushauri uongeze agizo la Satisfy All (masharti yote yatimizwe) ilhali mwingine anasisitiza agizo la Require (linalotaja nani aruhusiwe) peke yake. Kabla ya kumfuata yeyote, angalia AllowOverride, agizo linaloamua kama .htaccess itasomwa, katika faili kuu la mipangilio: katika toleo hilo thamani yake ya msingi ni None, hivyo .htaccess haisomwi kabisa, na mimi niliwahi kupoteza jioni nzima nikibadilisha nywila ambazo seva haikuwa inazitazama. Ibadilishe iwe AuthConfig, inayoruhusu maagizo ya nywila, kisha uwashe seva upya.

Kuhusu ubishi wenyewe, naegemea kwa huyo wa pili, kwa kuwa Satisfy ni mtindo wa toleo la 2.2 unaotegemea moduli ya mod_access_compat, iliyopo kwa ajili ya mipangilio ya zamani. Hata hivyo ameacha jambo moja zito: mistari miwili ya Require, mmoja wa ip (anwani ya mtandao) na mwingine wa valid-user (mtumiaji mwenye nywila sahihi), ikiachwa bila kufungwa pamoja humruhusu anayetimiza mmoja tu, kwa hiyo aliye kwenye mtandao wa ofisi hupita bila kuulizwa. Ukitaka yote mawili, yafunge ndani ya RequireAll, agizo linalodai masharti yote yatimizwe. Nasema haya bila kuliona faili lako, libandike hapa.