Mwanangu, hiyo chanya ni ya lini?

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma na picha za majibu nimezipata. Unauliza: "Mama, hii ni wiki ya sita naumwa. Nimepima mara tatu, na kila mara naambiwa chanya, malaria au taifodi. Dawa zote nimemaliza. Nilipewa dawa feki, au ugonjwa umekuwa sugu? Sasa wanataka kunianzishia sindano za antibiotiki ya ceftriaxone siku saba. Nikubali?"

Sindano zisianze kabla hujatolewa damu ya kuotesha, yaani ya kuangalia maabara kama kuna bakteria hai ndani yake. Ni kazi ya dakika kumi, na nitakueleza chini jinsi inavyofanyika. Kuhusu zile chanya tatu, hakuna hata moja kati yake inayothibitisha kwamba dawa imeshindwa.

Maabara ikiandika chanya, maana yake ni kwamba kipimo kimekuta kile kinachokitafuta. Basi. Kuna kipimo kinachomtafuta mdudu mwenyewe, kuna kinachotafuta mabaki aliyoyaacha, na kuna kinachotafuta kingamwili ambazo mwili ulizitengeneza kupambana naye. Mdudu anaweza kuwa alikufa mwezi uliopita, na kingamwili bado zimejaa kwenye damu. Kwa hiyo kila karatasi iulize mambo mawili: umekuta nini, na hicho hukaa mwilini muda gani?

Tuanze na malaria. Karatasi ya wiki ya kwanza inaonesha mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, chanya, ukapewa dawa ya malaria, ALu. Ya wiki ya tatu inaonesha mRDT chanya tena. Kipimo hicho cha kutoboa kidole hutafuta protini iitwayo HRP2, inayotolewa na vimelea vya Plasmodium falciparum. ALu ikifanya kazi vizuri, vimelea huisha kwenye damu ndani ya siku mbili au tatu. Protini yao haiondoki pamoja nao. Huendelea kuzunguka wiki mbili, tatu, nne, na kwa watu wengine hupita hata mwezi. Kwa hiyo ile chanya ya wiki ya tatu haikuweza kukuambia lolote jipya. Ndani ya siku 28 baada ya dawa, mtu mwenye homa anatakiwa apimwe kwa hadubini, ambako mtaalamu huwaona vimelea wenyewe kwa macho. Wewe hadubini umeifikia wiki ya sita, na jibu ni "no malaria parasites seen", yaani hakuna vimelea vilivyoonekana. Malaria ya wiki ya kwanza tuiweke pembeni.

Ila niambie, ALu uliinywaje? Vidonge vinne kwa dozi, dozi sita, jumla 24. Ya pili saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili. Lumefantrine iliyomo humo haifyonzwi vizuri bila mafuta. Anayeimeza kwa chai ya rangi anapoteza sehemu ya dawa bila kujua. Maziwa, yai, karanga au chakula kilichoungwa vinatosha. Na ukitapika ndani ya nusu saa, dozi ile hurudiwa. Nauliza kwa sababu watu wengi wanaolalamikia dawa feki walikunywa dawa nzuri tumbo likiwa tupu.

Umesema pia shangazi yako alikuwa na "wadudu watano" na akaogopa kuliko wewe. Wale si watano mwili mzima. Mtaalamu huhesabu chembe nyeupe 200 za damu na kuandika vimelea alivyokutana navyo humo. Hukadiriwa kwamba maikrolita moja ya damu ina chembe nyeupe 8,000, kwa hiyo unazidisha kwa 40: vimelea 5 kwenye 200 ni kama vimelea 200 katika maikrolita moja, na tone moja tu la damu lina maikrolita nyingi. Na siku ukisoma kwenye majibu ya hadubini kwamba zimeonekana gametosaiti baada ya kumaliza dawa, usishtuke. Hizo ni hatua ya kimelea inayongoja kunyonywa na mbu, hazileti homa, na zinaweza kubaki kwa wiki kadhaa.

Sasa taifodi, na hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo iliyokuletea zile antibiotiki za cipro na sasa inataka kukuletea sindano.

Kipimo ulichofanyiwa kinaitwa Widal, kwa jina la Mfaransa aliyekitangaza mwaka 1896. Hakimtafuti bakteria wa taifodi. Kinatafuta kingamwili za aina mbili: O, dhidi ya ganda la bakteria, na H, dhidi ya mikia yake. Seramu yako huchanganywa na kitendanishi, yaani dawa ya kupimia, chenye bakteria waliouawa; kingamwili zikiwepo, wanashikamana na kufanya chengachenga. Ile 1:80 maana yake seramu imezimuliwa mara 80 na bado inashikamanisha. 1:160, mara 160. Namba ya pili ikiwa kubwa, kingamwili ni nyingi. Ni hilo tu inalolisema.

Tatizo la kwanza ni kwamba kingamwili hizo huchelewa kuja na huchelewa kuondoka. O huanza kuonekana karibu na mwisho wa wiki ya kwanza ya homa, H siku chache baadaye. Zikishakuja hukaa miezi, na H hukaa zaidi. Aliyewahi kuugua taifodi mwaka jana anaweza kuwa nazo leo akiwa anaumwa mafua. Aliyechanjwa kwa chanjo fulani za taifodi anaweza kuwa nazo pia. Na katika miji yetu, ambako maji yenye vijidudu hatuyakwepi, mtu mzima asiyeumwa chochote anaweza kutoa 1:80 au hata 1:160.

Tatizo la pili: kingamwili za maambukizi mengine hushikamanisha bakteria hao hao. Salmonella wasio wa taifodi wanafanya hivyo, na malaria yenyewe inaweza kufanya hivyo. Ndiyo maana ile sentensi maarufu ya "una malaria na taifodi" imeenea kuliko ugonjwa wenyewe. Sisemi taifodi haipo. Ipo, na inaua. Nasema karatasi hiyo haitoshi kuithibitisha.

Tatizo la tatu ni la mezani. Vituo vingi hutumia Widal ya slaidi, si ya mirija. Slaidi hutikiswa na kusomwa ndani ya dakika moja. Ikiachwa pale mpimaji akahudumia mwingine, tone huanza kukauka na kufanya chengachenga zake lenyewe, nazo huandikwa chanya. Kitendanishi kilichokaa nje ya friji umeme ulipokatika nacho kina visa vyake.

Sasa tazama karatasi zako. Wiki ya tatu: O 1:160, H 1:80. Wiki ya sita: O 1:80, H 1:160. Daktari wako ameitazama hiyo H akasema imepanda. Haijapanda. Kwenye kipimo hiki hatua moja, yaani 80 kwenda 160, ni tofauti ya jicho la msomaji. Cha kuhesabika kuwa kimepanda ni hatua mbili au zaidi, mara nne, mfano 1:80 kuwa 1:320, kwa sampuli mbili zilizopishana siku kumi hadi kumi na nne, na zipimwe maabara moja kwa njia moja. Zako zimetoka vituo viwili tofauti. Kurudia Widal ili kuona kama umepona hakuna maana: inaweza kubaki chanya hata ukipona kabisa.

Mkojo nitaupitia haraka. Umeandikiwa "pus cells 6–8" na "epithelial cells ++". Hizo epithelial nyingi ni seli za ngozi ya sehemu za siri. Zinasema mkojo ulichukuliwa vibaya, na huenda hata hizo za usaha zilitoka huko huko. Kama husikii kuungua, huendi haja kila mara na husikii maumivu chini ya kitovu, usimeze dawa ya karatasi hiyo. Rudia sampuli: nawa kwa maji, mkojo wa mwanzo uache uende, kinga wa katikati, na ufike maabara ndani ya saa mbili tangu uukinge.

Nirudi kwenye damu ya kuotesha. Hiki ndicho kipimo kinachomtafuta bakteria akiwa hai. Unasema cipro ulimaliza siku kumi na mbili zilizopita. Hiyo ni bahati, kwa sababu antibiotiki ikiwa mwilini bakteria mara nyingi hawaoti hata kama wapo. Sindano ya kwanza ikiingia, nafasi hiyo imepotea. Nenda hospitali yenye maabara ya kuotesha, ya mkoa au ya rufaa. Ngozi isafishwe na iachwe ikauke, kifuniko cha chupa nacho kipanguswe. Mtu mzima anatoa mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa; wakikutoa mililita mbili tu, waulize kwa upole, maana damu ikiwa kidogo bakteria wa taifodi hukosekana, ni wachache sana kwenye damu. Omba chupa mbili, kila moja kutoka mkono wake. Jibu la awali linaweza kuja baada ya siku moja au mbili. Hasi ya mwisho husubiri siku tano hadi saba.

Na hata hapo chanya ina swali lake. Akiota Salmonella Typhi, yule bakteria wa taifodi, amepatikana, na maabara itakuonesha dawa ipi inamuua. Wanaostahimili dawa za jamii ya cipro wamo Afrika Mashariki. Lakini wakiota wale Staphylococcus wa kawaida wa ngozi kwenye chupa moja kati ya mbili, hiyo mara nyingi ni ngozi iliyosafishwa haraka haraka. Hasi nayo haifuti taifodi, kwa sababu kuotesha hukosa wagonjwa wengi wenye ugonjwa wa kweli.

Siku hiyo hiyo muulize daktari kuhusu haya, maana homa ya wiki sita si ya kutazama malaria na taifodi peke yake: picha kamili ya damu, kipimo cha VVU, eksirei ya kifua, na makohozi kama unakohoa. Mwambie wazi kama unatoka jasho usiku na kama nguo zimekupwaya. Cipro na ndugu zake zinaweza kuituliza TB kwa muda, mtu akadhani taifodi imepona, kisha homa ikarudi. Wewe ulipata nafuu siku nne ulipokuwa kwenye cipro, nami hilo silipendi. Na kama kule ulikokwenda kazini mlikunywa maziwa yasiyochemshwa, taja, ili wafikirie brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo. Maabara nao waambiwe kabla: bakteria wa brusela huota polepole, na ni hatari kwa anayefungua chupa bila tahadhari.

Nunua kipimajoto. Pima asubuhi na jioni, andika namba, tarehe na kila kidonge ulichomeza, hata panadoli. Zipange karatasi zote kwa tarehe kando ya daftari hilo. Daktari akiona homa, dawa na kipimo kwenye mstari mmoja, ataona mengi kuliko utakavyomsimulia.

Haya yote ni kwa mtu anayetembea na kula. Ukianza kuchanganyikiwa, kupumua kwa shida, kutapika kila kitu, macho kuwa ya manjano, mkojo kuwa mweusi, choo kuwa cheusi, au tumbo kuuma ghafla na kukakamaa, usingoje barua yangu wala foleni ya kliniki. Nenda mapokezi ya dharura, hata usiku. Huko wakitaka kuanza sindano papo hapo, watoe damu kwanza kama wanaweza, kisha waanze.

Ukishatolewa damu niandikie saa iliyotolewa. Na karatasi ya pili ipige picha upya. Umekata juu, tarehe na jina la kipimo sikuviona vizuri.

Mama yako