Kutu ya Tanga haingoji kesho

Jiliwa la marehemu baba, kile kifaa cha mezani cha kubana vyuma, lilikaa stoo kwetu Chumbageni miaka sita, limefunikwa gunia. Nilipolitoa, mpini haugeuki, taya zimeshikana, na kutu inabanduka magamba magamba. Jirani akanishauri niliuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Sikuweza, baba alifunga baiskeli zetu zote pale.

Nilianza vibaya. Nilifunga brashi ya waya kwenye grenda, nikasugua jioni nzima mpaka chuma kikawa cheupe, nikaliacha juu ya meza karibu na dirisha. Ulikuwa msimu wa kusi. Asubuhi limeshaingia rangi ya chungwa kila mahali! Chuma kilichotoka kuvuliwa kutu ni kidonda kibichi, kinataka kufunikwa palepale. Upepo wetu hubeba chumvi, chumvi huvuta unyevu, na hata kifaa kisichoguswa na maji kinaliwa. (Grenda ya waya bado naitumia, ila sikosi miwani ya kinga, maana nyuzi zake huruka.)

Siku hizi nafungua kila kinachofunguka, naosha kwa sabuni na maji baridi ya bomba ili chumvi na grisi vitoke, kisha vipande naviloweka kwenye siki nyeupe ndani ya ndoo ya plastiki. Saa 12 hadi 24 hutosha. Kila baada ya saa chache navitoa, nasugua, narudisha. Skrubu moja niliisahau siku nne, meno yakaliwa hata nati haishiki tena. Alumini na vitu vilivyopakwa zinki usivitie humo, siki huvila. Springi ngumu nazo naziepusha, asidi huweza kuzifanya zikatike. Na siki isikutane kamwe na jiki: hutoa gesi ya klorini, inayoumiza mapafu.

Kikitoka kwenye siki, hapo ndipo usikae kupiga soga. Kabla sijakitoa, huwa nimeshaandaa ndoo ya maji yenye magadi kidogo ya kuua asidi, ndoo ya maji safi, matambara makavu na jiko la mkaa lenye moto mdogo. Nasuuza, nafuta, nakishika juu ya joto mpaka unyevu wa kwenye mianya uishe, na kikiwa bado vuguvugu nakipaka mafuta ya cherehani. Ukichelewa hata nusu saa, utaiona ile rangi ya chungwa ikirudi.

Kung'arisha sitii bidii kila mahali. Taya zina meno ya kushika, ziache. Nguvu naiweka kwenye parafujo kubwa na reli ya kutelezea: msasa namba 120, halafu 240, 400, mwisho 800, wenye mafuta kidogo. Kwenye mifereji ya parafujo msasa hauingii, nami natumia kamba ya katani. Mkonge ulifika pwani hii mwaka 1893 kwa mkono wa Mjerumani Richard Hindorf, na nyuzi zake ni kali kiasi cha kung'arisha chuma bila kukikwaruza. Naipaka polishi ya chuma, naizungusha kwenye mfereji, navuta huku na huku kama anayepiga kiatu rangi. Kamba inatoka nyeusi tii, na chini yake mfereji unaanza kumeta.

Sasa jiliwa lipo mezani. Kila Ijumaa nalifuta kwa kitambaa chenye mafuta, na mpini unazunguka kwa kidole kimoja.